Mapambo ya mti wa Krismasi ya dhahabu na shanga: kwa nini Dar yanakufa na Iringa yanadumu?

#1 Mama Tunu wa Kigamboni
Habari zenu wakuu. Naomba majibu ya kitaalamu, na hata ya kienyeji, mradi yawe ya kweli.

Mimi na mdogo wangu tulinunua mapambo ya Krismasi Kariakoo, duka moja la Mtaa wa Kongo, siku moja, tukagawana nusu kwa nusu. Mipira ya rangi ya dhahabu, nyota za waya zilizotungwa shanga, na kengele ndogo za njano zinazolia. Yeye yuko Iringa, mimi niko Kigamboni, na bahari haiko mbali na nyumba. Jana nimefungua boksi langu. Mipira mingine ina madoa meupe na ganda linabanduka, waya wa nyota umeota kutu mpaka shanga zimeshika rangi ya chai, kengele zimekuwa nyeusi zenye ukijani. Nikampigia mdogo wangu anitumie picha za kwake. Zinang'aa vilevile.

Ni hewa, ni uhifadhi, au mgawanyo ule nilipata upande mbovu? Na mwaka huu nataka kutunga nyota zangu mwenyewe, nitumie nini? Nawasilisha.

#2 Kaka wa Feri
Chumvi hiyo, dada. Kigamboni bawaba za mlango zinaliwa, bati linaliwa, itakuwa nyota ya waya?

#3 Mhehe Halisi
Hamieni Iringa. Huku kuna baridi, pambo linakaa mpaka mjukuu analikuta.

#4 Sonara Mstaafu
Mama Tunu, boksi lako halina dhahabu hata chembe, na ndiyo maana limeharibika. Dhahabu yenyewe haishiki kutu. Sarafu za dhahabu zinatolewa kwenye meli zilizozama karne nyingi zilizopita, na bado ni za njano.

Kengele zako ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ikikutana na unyevu wenye chumvi inaanza kwa weusi, inamalizia na ule ukijani. Hata kama zingekuwa za kuchovya dhahabu zisingepona. Tabaka la dhahabu kwenye kitu cha bei ya sokoni mara nyingi halifiki mikroni moja, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Tabaka hilo lina vitundu ambavyo jicho halivioni. Unyevu unapenya, shaba ya chini inaoza, uchafu wake unapanda juu. Mtu analeta mkufu kwangu anasema dhahabu yake imekuwa nyeusi. Dhahabu haina kosa, iliyooza ni shaba iliyo chini yake.

Kwa hiyo kwa upande wa kengele namuunga mkono mkuu wa #2. Mipira na shanga ni habari nyingine, nawaachia wenye ujuzi.

#5 Mpare Mtulivu
Sonara kaongea. Mimi nasubiri picha za kengele.

#6 Mwalimu wa Maabara
Naendelea alipoishia Sonara. Mipira ya plastiki haichovywi. Inawekwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, alumini inapashwa moto mpaka inakuwa mvuke, mvuke unaganda juu ya plastiki. Hapo mpira una rangi ya fedha. Kisha unapakwa vanishi yenye rangi ya njano, ndipo unaonekana wa dhahabu.

Sasa angalia dalili. Madoa meupe ya ungaunga maana yake chumvi na unyevu vimepita kwenye vanishi vikala alumini. Mpira mzima kugeuka kutoka dhahabu kuwa fedha maana yake jua limeua rangi ya vanishi, na alumini ya chini bado nzima. Yako ni ipi kati ya hizo?

#7 Mama Tunu wa Kigamboni
Mwalimu, nimetoka kuangalia sasa hivi. Ninayo ya aina zote mbili! Iliyokuwa upande wa dirisha imekuwa ya fedha. Iliyokuwa nyuma ya mti ndiyo yenye madoa. Ahsante sana.

#8 Mwana Mwanza
Hapa ndipo chumvi inaponipa shida. Mimi niko Mwanza, ziwa letu ni maji baridi, hakuna chumvi hewani. Lakini nyota zangu za waya zimeota kutu na mipira imebanduka hivyo hivyo. Kama ni chumvi tu, mimi nimeitoa wapi?

#9 Kaka wa Feri
@Mwana Mwanza waya wa chuma hauhitaji chumvi, unahitaji maji na hewa tu. Chumvi inaongeza kasi. Na Mwanza mvua mnazo.

#10 Mhehe Halisi
Iringa ni kukavu mwaka mzima, hiyo ndiyo siri.

#11 Binti Makambako
@Mhehe Halisi si kweli, kaka. Iringa mvua zinanyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili, na Krismasi inaangukia katikati yake. Mimi nimekulia Njombe, ukungu unaingia mpaka sebuleni, nguo hazikauki. Na mapambo ya mama yangu bado mazima. Kwa hiyo unyevu peke yake haujibu swali. Mimi naona ni joto. Kwenye baridi kila kitu kinaoza polepole.

#12 Fundi Ushanga Sinza
Nimechelewa kuingia lakini uzi huu ni wangu kabisa. Natunga shanga kwa kazi: hereni, mikeka ya meza, na kila Oktoba naanza nyota na malaika wa Krismasi.

Kutu haikutoka kwenye shanga, imetoka kwenye waya. Wauzaji wengi wanatumia waya wa kufungia nondo kwa sababu ni rahisi na unashika umbo. Ukikata, ncha inabaki wazi, kutu inaanzia hapo na kutembea ndani ya matundu ya shanga. Tumia waya wa shaba nyekundu, au wa alumini, au usitumie waya kabisa. Nyota inaweza kusimama kwa mshipi wa kuvulia samaki ukijua kuvuta. Mshipi hauna kutu. Adui yake ni jua, ukikaa dirishani miaka unakatika ghafla shanga zikamwagika sakafuni.

Kwenye shanga zenyewe kuna za dhahabu za namna tatu. Ya kwanza ni kioo cha njano angavu chenye mpako wa fedha ndani ya tundu. Hizo ndizo zinazong'aa kwa ndani, na mpako uko mahali mkono haufiki. Ya pili ni kioo kilichovishwa rangi ya metali kwa nje, nzuri sana ikiwa mpya, lakini inachubuka kwa jasho na kwa kusuguana. Ya tatu ni plastiki. Kupima: chovya pamba kwenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, sugua. Pamba ikitoka na dhahabu, acha hizo.

Halafu namba. Shanga namba 11 ni ndogo kuliko namba 8, namba ikipanda ushanga unashuka. Kwa nyota ya mtini namba 8 inatosha, macho hayaumii.

#13 Mwalimu wa Maabara
Naongeza tahadhari kwenye #12. Asetoni ijaribiwe kwenye ushanga mmoja tu, na usiipeleke kwenye ile mipira. Plastiki nyingi za mapambo zinayeyuka kwa asetoni. Utasugua doa upate shimo.

#14 Fundi Ushanga Sinza
Sahihi Mwalimu. Na hicho nacho ni kipimo: ushanga ukilainika, ni plastiki.

#15 Chaga wa Mbezi
Mnahangaika na mapambo ya nini? Tarehe 20 Dar inabaki na nani? Wote tuko Moshi.

#16 Mzaramo wa Buza
Nendeni salama. Sisi wenye mji tunabaki na barabara nyeupe na miti yetu. Mkirudi Januari tutawaonyesha picha.

#17 Bi Mkubwa wa Bagamoyo
Nimeusoma uzi wote. Mimi si Mkristo lakini majirani zangu ni Wakristo na sikukuu yao nakula pilau kwao. Jambo moja linanikaa vibaya. Shanga kwetu pwani ni kitu cha mwanamke, cha ndani, cha kiunoni. Binti anafundwa nazo. Leo naona zimetundikwa sebuleni kila mgeni anazitazama. Sisemi ni dhambi. Nasema kwamba kila kitu kina mahali pake.

#18 Fundi Ushanga Sinza
Shikamoo Bi Mkubwa. Nimekuelewa, na mimi mwenyewe shanga za kiunoni siziuzi pamoja na mapambo, naziweka kando na anayezitaka anajua kuuliza. Lakini Mmasai anavaa shanga shingoni mchana kweupe, mwanamume kwa mwanamke. Shanga zina mahali pengi.

#19 Bi Mkubwa wa Bagamoyo
Marahaba mwanangu. Mmasai ana desturi yake na mimi nina yangu.

#20 Mpenda Historia
Niruhusuni niingie hapa, maana hoja ya Bi Mkubwa na swali la Mama Tunu vinakutana mahali watu hawapategemei.

Desturi ya mti ni ya Wajerumani. Maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, yanataja miti iliyowekwa sebuleni ikiwa na maua ya karatasi za rangi, matufaha, karatasi ya dhahabu na vitu vya sukari. Kwa hiyo dhahabu mtini ni ya zamani kuliko mipira.

Mipira yenyewe ilizaliwa kwenye shanga. Katika kijiji cha Lauscha, mkoa wa Thuringia huko Ujerumani, mafundi walikuwa wakipuliza shanga za kioo kwenye moto wa taa. Katikati ya karne ya 19 wakaanza kupuliza kubwa zaidi na kuzipaka fedha kwa ndani, ukawa mpira wa Krismasi. Mwaka 1880 mfanyabiashara Mmarekani, F. W. Woolworth, akaanza kuziuza kwenye maduka yake na zikaenea. Hukohuko Ulaya, kijiji cha Poniklá kaskazini mwa Jamhuri ya Cheki, hadi leo watu wanapuliza shanga nyembamba, wanazitia fedha na rangi, wanakata na kutunga kwenye waya zinakuwa nyota. UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Nyota ya waya na shanga aliyonayo Mama Tunu ina ukoo.

#21 Mpare Mtulivu
Kumbe. Mimi nilijua zote zimeanza China.

#22 Mpenda Historia
China ndiko zinakotengenezwa sasa kwa wingi, hasa mji wa Yiwu. Kuanza ni kwingine.

#23 Moran wa Mjini
Mnawapa Wazungu kila kitu. Shanga ni za Wamasai tangu enzi na enzi.

#24 Mpenda Historia
@Moran wa Mjini mitindo, rangi na maana ni zenu kabisa, hakuna atakayewanyang'anya. Ila shanga za kioo ziliingia kwa biashara, Wamasai hawakuwa na tanuru la kioo. Kabla yake watu wa bara na pwani walitunga mbegu, mifupa na magamba ya konokono. Karne ya 19 shanga kutoka Venice na Bohemia zilishuka Zanzibar, zikavushwa Bagamoyo, zikapanda bara na misafara kama fedha ya matumizi. Stanley, yule msafiri aliyekwenda kumtafuta Livingstone, alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 ilibidi anunue magunia ya aina nyingi, kwa sababu kila nchi ilikuwa na ushanga wake. Mweusi ulipita Ugogo, ukiufikisha kwingine hawautaki. Ule mwekundu, samesame, ulikuwa na soko lake. Bi Mkubwa yuko kwenye mji uliopitisha shanga hizo zote.

#25 Moran wa Mjini
Sawa, lakini anayejua kuzipanga ni nani? Nenda Mwenge ukaangalie kazi ya mama zetu halafu uniambie hao wa Cheki wanaweza nyekundu, bluu na nyeupe zikakaa vile.

#26 Mkatekista Tabata
Nirudi kwenye rangi. Dhahabu mtini haihitaji kusafiri mpaka Ujerumani. Mathayo sura ya 2 mstari wa 11: Mamajusi walitoa dhahabu, uvumba na manemane. Kwetu kigangoni watoto wanatundika nyota za dhahabu na zinabaki mpaka Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Wanaoshusha mti tarehe 26 wanawahi mno.

#27 Dada Pendo
Hakuna aliyeuliza swali la muhimu. Mama Tunu, unaweka pamba mtini?

#28 Mama Tunu wa Kigamboni
Naweka Pendo, bila pamba watoto wanasema theluji iko wapi.

#29 Dada Pendo
Basi kesi imekwisha. Pamba inanyonya unyevu wa hewa na inaugandisha kwenye mpira na waya mchana na usiku. Na nina hakika mlikunja mapambo na pamba yake mkayafungia pamoja. Mimi niko Msasani, bahari naiona, na mapambo yangu yako salama kwa sababu pamba haigusi mti wangu.

#30 Mama Tunu wa Kigamboni
Mdogo wangu wa Iringa naye anaweka pamba. Tumefundishwa na mama mmoja.

#31 Mzaramo wa Buza
Kesi imefunguliwa upya.

#32 Fundi Dari
Nauliza: boksi lilikaa wapi mwaka mzima? Mimi naingia kwenye dari za watu kila siku. Nusu ya nyumba za Dar nakuta mti wa plastiki na maboksi ya mapambo juu ya dari, chini ya bati. Mchana wa Februari pale juu mkono hauwezi kushika mbao. Gundi ya kuyeyusha kwa umeme, ile wanayobandikia shanga kwenye mipira, inalainika. Vanishi inashikana na karatasi. Halafu inakuja masika, Machi mpaka Mei, unyevu unapanda, na boksi lipo hapohapo. Watu wanailaumu Desemba wakati Desemba mapambo yako sebuleni kwenye feni. Yanaharibikia kwenye kuhifadhiwa.

#33 Mama Tunu wa Kigamboni
Fundi, ni juu ya dari kweli. Ndani ya rambo lililofungwa, nilidhani ndiyo usalama.

#34 Kaka wa Feri
Rambo! Zilipigwa marufuku Juni 2019, hilo lako ni la makumbusho.

#35 Mwalimu wa Maabara
#32 ameniongezea kitu. Mfuko uliofungwa mchana wa joto unafungia na unyevu ndani. Usiku ukipoa, unyevu ule unakuwa matone juu ya chuma. Bora boksi la karatasi ngumu, ndani ya kabati la chumbani, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti hivyo navyo vikishiba havifanyi kazi, vibadilishwe. Lakini sikubali kwamba Desemba haina lawama. Mipira ya dirishani iligeuka fedha wakati iko mtini.

#36 Mama Sikukuu
Kuna watu dhahabu inawakataa, damu yao kali. Dada yangu akivaa hereni za kuchovya wiki tu zimekuwa nyeusi, mimi navaa zilezile mwaka mzima. Nani alitundika mapambo Kigamboni na nani Iringa?

#37 Sonara Mstaafu
Mama Sikukuu, hilo nimeliona dukani miaka yote na lina ukweli ndani yake. Si damu, ni jasho. Jasho lina chumvi na asidi, na watu wanatofautiana. Mtu anayetoka jasho mikononi akipachika kengele hamsini bila kufuta, amezipaka chumvi zote. Na Dar tunapamba tukiwa tumelowa. Iringa wanapamba na masweta. Futeni kwa kitambaa kikavu kabla ya kuhifadhi.

Na jambo jingine: msifunge mafungu kwa mipira ya kufungia noti. Ina salfa, inafanya fedha na shaba ziwe nyeusi mahali ilipogusa.

#38 Mpishi wa Ilala
Kengele rudisha kwa ukwaju, dada. Loweka, sugua na chumvi kidogo, suuza, kausha. Bibi yangu aling'arisha sinia za shaba hivyo kila kabla ya Idi.

#39 Sonara Mstaafu
Ukwaju ni mzuri kwa shaba tupu. Kama kengele ni za kuchovya au zina vanishi, ukisugua umeondoa kilichobaki. Jaribu moja kwanza. Na ukimaliza kukausha, paka vanishi isiyo na rangi, la sivyo mwezi ujao utarudi kwenye ukwaju.

#40 Mkulima Chanika
Mimi natumia tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, plastiki siipendi. Shanga za kioo ni nzito, mvinje unainama. Mnafanyaje?

#41 Fundi Ushanga Sinza
Funga karibu na shina, si kwenye ncha. Nyota za mvinje nazitunga tupu katikati, pembeni tu ndiyo shanga. Na mvinje una uzuri wake, majani membamba yanapitisha mwanga mpaka kwenye shanga, mti wa plastiki hauwezi hilo.

#42 Mkatekista Tabata
Mimi hata mkrismasi wa nje unanitosha, ule wenye maua mekundu. Desemba hii umefunika ukuta wa kanisa.

#43 Mama Tunu wa Kigamboni
Wakuu, ahsanteni, nimeandika yote. Naona bado mna chumvi, jua, joto, bati, rambo, pamba na jasho, na kila mmoja ana ushahidi. Mdogo wangu anashuka Dar kabla ya sikukuu, nimemwambia aje na baadhi ya zake. Nitaziacha hapa Kigamboni ndani ya kabati, bila pamba, mpaka masika yaishe, na zangu chache aondoke nazo Iringa.

#44 Binti Makambako
Wazo zuri, lakini zako tayari zimeanza kuoza, hazitaonyesha kitu. Nunua mpya mgawane tena.

#45 Dada Pendo
Na moja iwekwe na pamba. Mtaniona nilikuwa sahihi.

#46 Mwana Mwanza
Nami nileteeni moja.

#47 Mpare Mtulivu
Fundi Ushanga, zile za mpako wa ndani ya tundu Kariakoo nazipata wapi kwa reja reja? Niliowauliza wanauza kwa kilo.

#48 Fundi Ushanga Sinza
Ingia maduka ya vifaa vya ushonaji, yanakouzwa lesi na vifungo, acha yale ya mapambo. Nenda asubuhi na uombe kuziangalia kwenye mwanga wa mlangoni. Taa ya dukani inafanya kila ushanga uonekane dhahabu.